Kumuuguza mzee nyumbani: kitanda, mtori, dawa, na yule anayekesha

Kabla ya kununua kiti cha magurudumu au kubomoa kizingiti cha bafu, jibuni swali moja kama familia: saa nane usiku mzee akiita, nani anaamka? Na usiku wa kesho, nani? Nyumba nyingi za Kibosho, Machame na Old Moshi, hapa Kilimanjaro, zina jibu la swali la kwanza tu. Anaamka binti aliyebaki nyumbani, au mkamwana, au mjukuu aliyemaliza kidato cha nne. Usiku wa pili anaamka huyo huyo, na wa arobaini pia. Vidonda vya mgongoni, dawa zilizorukwa na kuanguka bafuni mara nyingi huanzia hapo: mtu mmoja amechoka, na hakuna kilichoandikwa ambacho mwingine angeweza kukifuata.

Kwa hiyo anzeni na daftari.

Daftari la mzee

Nunueni kaunta buku moja, ikae chumbani kwa mzee pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Isiwe kwenye simu ya mtu mmoja, maana simu huondoka na mwenyewe.

Ukurasa wa kwanza ni wa dawa. Kila dawa iwe na mstari wake: jina, miligramu, saa, kabla au baada ya kula, ni ya ugonjwa gani, na tarehe iliyoandikwa na daktari. Dawa iliyosimamishwa ipigwe mstari, isifutwe, ili mtu asiirudishe akiiona kwenye kabati. Kurasa zinazofuata ni za kila siku: mzee amegeuzwa saa ngapi, amekula nini, amekunywa vikombe vingapi, amepata haja ndogo na kubwa lini, presha yake, hali ya ngozi, amelalaje. Ukurasa wa mwisho ni wa namba za simu, magonjwa aliyo nayo, na dawa zinazomdhuru. Siku mkikimbizana kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC mjini Moshi, mtu yeyote akiichukua kaunta buku hiyo amechukua historia nzima.

Chumba

Vitanda vya mbao vya zamani huwa virefu. Mzee akikaa ukingoni, nyayo zake zote ziguse sakafu na magoti yakunjike kama pembe ya meza. Kwa wengi hiyo ni sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni hadi juu ya godoro. Kikizidi, fundi seremala akate miguu ya kitanda, kazi ya nusu saa. Msikibane kitanda ukutani. Acheni angalau sentimita 60 kila upande, la sivyo anayehudumia atakuwa anainama na kuvuta juu ya kitanda kila siku, na mgongo wake ndio utakaolipa.

Godoro likandamizwe kwa ngumi: mkono ukigusa mbao, limekwisha. Juu yake tandika makintoshi, yaani shuka la plastiki lisilopitisha maji, eneo la kiuno, kisha shuka la pamba lililonyooshwa. Ngozi isigusane na plastiki, kwa sababu jasho hukaa hapo na kuilainisha mpaka ichubuke. Ondoeni zulia dogo na nyaya njiani kuelekea chooni, wekeni taa anayoweza kuiwasha akiwa amelala, na kandambili zibadilishwe kwa viatu vyenye mkanda wa nyuma.

Jambo moja tunalisisitiza kwa wanaoishi juu mlimani, Marangu, Uru au Kibosho, hasa Juni hadi Agosti: jiko la mkaa lisilale chumbani kwa mzee, hata kama moto umebaki makaa tu na hakuna moshi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na humuua mtu usingizini. Mpeni blanketi mbili nyepesi badala ya moja nzito, soksi, kofia ya sufu na uji wa moto kabla ya kulala. Chupa ya maji ya moto iviringishwe kwenye taulo, ipashe kitanda, kisha itolewe kabla hajalala. Mwenye kisukari au aliyepata kiharusi anaweza kuungua mguu bila kuhisi chochote.

Kumgeuza

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kwa saa zetu ni rahisi kukumbuka: saa 12, saa 2, saa 4, na kuendelea hivyo. Saa 12 asubuhi ameketi anakula, saa 2 ubavu wa kushoto, saa 4 chali, saa 6 ameketi, saa 8 ubavu wa kulia. Usiku, kama godoro ni zuri na asubuhi ngozi haina alama yoyote, mnaweza kwenda taratibu hadi saa nne kati ya mgeuzo na mgeuzo. Alama ikionekana, rudini kwenye mbili.

Ukiwa peke yako, simama upande anaoelekea kugeukia. Mwambie unachofanya. Kunja goti lake la mbali, weka mkono wake wa mbali kifuani, kisha shika bega na nyonga kwa pamoja, umvute kuja kwako. Asilale kamili juu ya mfupa wa nyonga: zunguka nyuma, weka mto mgongoni ili abaki ameinama nusu, mto mwingine katikati ya magoti, na wa tatu chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani bila kugusa godoro. Watu wengi huweka mto chini ya visigino vyenyewe. Hapo mnaongeza mgandamizo pale pale mnapotaka kuupunguza.

Ameteremka kitandani? Usimvute kwa makwapa. Mwekeeni shuka lililokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili mlishike pande zote, mmnyanyue na kumpandisha. Kumburuta kunachana ngozi kwa ndani kabla hamjaona kitu nje.

Kila asubuhi na jioni kagueni pale mgongo unapoishia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu tu. Tafuteni sehemu iliyokoza rangi kuliko jirani yake, yenye joto, iliyo ngumu au iliyobonyea kama tope, au inayouma ikiguswa. Hiyo ni dalili ya mwanzo: asilalie upande huo kabisa mpaka irudi kawaida, na msiikande, kwa kuwa kukanda kunaharibu nyama iliyokwisha kudhoofika. Pete ya mpira au tairi la kukalia nayo iacheni. Hukata mzunguko wa damu kuzunguka kidonda.

Ngozi ikishachanika, osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, funikeni kwa gozi safi, na siku hiyo hiyo mwoneni muuguzi wa zahanati. Msimwagie spiriti wala majivu, na msipasue kapsuli za antibayotiki mkanyunyiza unga wake juu. Unga huo hukauka ukawa gamba, na usaha hubaki chini. Harufu, weusi, homa au shimo lenye kina ni safari ya hospitali.

Kutoka kitandani hadi kwenye kiti

Hapa ndipo migongo ya watunzaji huvunjika. Weka kiti ubavuni mwa kitanda upande wake wenye nguvu, kifungwe breki. Mgeuze ubavu, teremsha miguu yake, na wakati miguu inashuka kiwiliwili kipande. Akishakaa ukingoni, subirini dakika mbili. Presha ya mzee hushuka anapoinuka ghafla, naye huanguka hatua ya kwanza tu.

Mfunge kitenge kilichokunjwa kama mkanda kiunoni. Simama mbele yake, magoti yako yakizuia magoti yake, kunja miguu yako na mgongo ubaki wima. Shika kitenge kwa nyuma, yeye ainame mbele, pua ipite vidole vya miguu. "Moja, mbili, tatu," mnainuka pamoja, mnajizungusha kwa hatua ndogo, anakaa. Asikushike shingoni. Na kwa aliyepata kiharusi, mkono uliopooza usivutwe kamwe: bega hilo hutoka mahali pake kwa urahisi na maumivu yake hudumu miezi.

Kama mzee ni mzito kuliko wewe na miguu yake haina nguvu kabisa, usimwinue peke yako hata siku moja. Msubiri jirani. Mjini Moshi mna bahati moja: KCMC wapo wataalamu wa mazoezi ya viungo, na hapo hapo kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti vya magurudumu. Ombeni waoneshwe wanaotunza, siyo mgonjwa tu, na ombeni waoneshwe wakitenda kwa mikono yao.

Choo na kuoga

Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai mwenye magoti mabovu. Kiti imara cha mbao chenye mikono, kikikatwa tundu katikati na kuwekewa ndoo yenye mfuniko chini yake, kinatosha. Kiti cha plastiki kilichokatwa hupasuka, hasa miguu ya nyuma. Mpelekeni kwa saa, asubuhi baada ya chai na kila saa mbili au tatu mchana, kabla hajabanwa. Wengi wanaodhaniwa wameshindwa kujizuia wanachelewa tu kufika.

Anayetumia nepi za watu wazima huhitaji tatu hadi nne kwa siku, yaani 90 hadi 120 kwa mwezi. Hesabu hiyo iingie kwenye mchango mapema. Kila mnapobadilisha, mama afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, ngozi ikaushwe kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha mafuta ya mgando kiasi kidogo.

Kwenye haja kubwa kuna mtego mmoja unaokosewa mara nyingi. Mzee hajapata choo siku nne, tano, halafu anaanza kuharisha maji maji kidogo kidogo. Familia inampa dawa ya kuzuia kuhara. Kumbe kuna kinyesi kigumu kilichoziba, na maji yanapita pembeni. Dawa ile inazidisha hali. Ndiyo maana daftari lina safu ya choo: siku tatu bila kitu, ongezeni maji, papai, parachichi na ndizi mbivu, na siku ya nne mpigieni mhudumu wa afya.

Kuhusu kuoga: mkamwana kumwogesha baba mkwe ni jambo zito kwa wote wawili, na mzee anaweza kukataa kuoga wiki nzima bila kusema sababu. Tafuteni mtoto wa kiume au mjukuu. Mzee asibembelezwe kama mtoto. Anaamkiwa shikamoo, anaulizwa kama yuko tayari, anafunikwa kanga sehemu isiyooshwa. Kuoga mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha. Uso, makwapa na sehemu za siri ni kila siku.

Kulisha, hasa baada ya kiharusi

Chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia, na nimonia ni miongoni mwa mambo yanayowaua wagonjwa wa kiharusi. Aketi wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo. Tumia kijiko cha chai, weka chakula upande wa mdomo wenye nguvu, subiri ameze, angalia shavuni kama kimebaki, ndipo ufuate kijiko cha pili. Baada ya kula abaki ameketi nusu saa. Kukohoa wakati wa kula, sauti kuwa ya maji maji baada ya kumeza, au homa zisizoeleweka: acheni na mpelekeni akapimwe umezaji.

Watu hudhani maji ndiyo salama zaidi. Kwa mwenye shida ya kumeza ni kinyume, kwa kuwa maji na chai hukimbia kabla koo halijajifunga. Uji mzito wa ulezi na mtindi huenda taratibu. Na mtori, chakula tulicho nacho tayari, unafaa kuliko vyakula vingi vya dukani. Kwa mlo wa siku moja: ndizi mshare sita, nyama ya mfupa robo kilo, kitunguu, karoti, chumvi kidogo. Chemsha nyama mpaka iachie mfupa, pika ndizi kwenye supu yake, ponda kwa mwiko, chuja nyuzi na vipande, kisha ongeza maziwa. Inamisha kijiko: mtori uanguke kwa bonge moja, polepole. Ukimiminika kama chai ni mwepesi mno. Ukigoma kuanguka ni mzito na utamkwama. Kwa mwenye kisukari pimeni bakuli, kwa maana ndizi ni wanga. Kwa mwenye figo mbovu ulizeni daktari kwanza, kwa sababu ndizi zina potasiamu nyingi.

Maji ya siku nzima, pamoja na uji na supu, yafike vikombe sita hadi nane, isipokuwa daktari amezuia kwa ajili ya moyo au figo. Mdomo usafishwe mara mbili kwa siku hata kama hana meno. Mbege, pombe yetu ya ndizi, haipatani na dawa za usingizi wala za kisukari. Mgeni akija na kibuyu, mtunzaji awe na ruhusa ya familia kukataa.

Dawa na vipimo

Pangeni dawa za wiki nzima Jumapili jioni kwenye kisanduku chenye vyumba, mtu mmoja akipanga na mwingine akisoma daftari. Vidonge vya kutoa dawa polepole visipondwe, maana dozi ya siku nzima humwagika kwa mara moja. Ulizeni mfamasia kwa kila kidonge kabla ya kukiponda. Dawa ya presha haikatizwi kwa sababu "presha imeshuka." Imeshuka kwa sababu ya dawa.

Wasiwasi wetu mkubwa ni diklofenaki na ndugu zake za maumivu, zinazonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya magoti. Kwa mzee zinapandisha presha, zinachubua tumbo hadi kutoa damu, na zinaumiza figo. Parasetamo ndiyo ya kuanzia. Dawa za mitishamba ziandikwe daftarini pia, na daktari aambiwe bila aibu.

Presha ipimwe baada ya kuketi dakika tano, mkono wazi bila nguo, ukiwa umelazwa mezani usawa wa moyo. Pimeni mara mbili kwa kupishana dakika moja, andikeni zote mbili.

Mwenye kisukari akitoka jasho, akatetemeka au akaanza kusema ovyo, pimeni sukari. Hamna kipimo, chukulieni imeshuka. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, rudieni baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu, kisha ale. Asiyeweza kumeza au aliyezimia asiwekewe kitu mdomoni. Ni gari na hospitali.

Akichanganyikiwa

Tofautisheni. Usahaulifu uliokuja kwa miaka ni jambo moja. Mzee aliyekuwa sawa Jumatatu na Jumatano hawatambui wanawe, ni mgonjwa wa mwili: maambukizi ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, choo kilichoziba, au dawa mpya. Huenda hana hata homa. Msiseme ni uzee wala kurogwa; apelekwe siku hiyo hiyo.

Kwa usahaulifu wa muda mrefu, Kiswahili kinaweza kumtoka kabla ya Kichaga, au Kimeru na Kiarusha kwa jirani zetu wa Arusha. Msaidizi asiyejua lugha hiyo afundishwe maneno kumi: maji, njaa, maumivu, choo, baridi, na mengine ya namna hiyo. Akisema anakwenda kwa mama yake aliyefariki zamani, msibishane; muulizeni mama alikuwa mtu wa namna gani, na mtembee naye uani. Jioni huwa ni wakati mgumu zaidi, basi taa iwashwe mapema. Wanaotangatanga, kihamba (shamba la migomba la nyumbani) chenye mteremko na mfongo, yaani mfereji wa maji, ni hatari kweli: komeo liwekwe juu ya usawa wa macho, kengele ndogo mlangoni, na majirani waambiwe wazi.

Mdomo kupinda, mkono kuanguka, maneno kuvurugika: andikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho na muondoke hapo hapo, bila chakula wala aspirini. Ameanguka na mguu umekuwa mfupi ukageukia nje? Nyonga imevunjika. Msimsimamishe kujaribu, wala msimwite wa kuunga mifupa. Mbebeni amelala juu ya ubao.

Anayetunza

Desemba wote mnarudi nyumbani. Kabla ya kuchinja, kaeni kikao cha saa moja na kaunta buku mezani. Gawaneni vitu vitatu: usiku, pesa na mapumziko. Aliye Dar hawezi kugeuza mzee, lakini anaweza kulipa msaidizi wa usiku mara mbili kwa wiki. Mchango uende kwa tarehe moja kila mwezi, na fungu la matumizi liwe mkononi mwa mtunzaji kabla ya mahitaji. Kumfanya aombe pesa ya nepi kwa kila ndugu ni kumdhalilisha.

Ingizeni pia suala la matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na msamaha wa gharama upo kwa wasio na uwezo. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na afisa ustawi wa jamii, akiwa bado mzima, siyo siku ya kulazwa.

Mkiajiri msaidizi, mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Dada anayefanya kazi mchana kutwa na kukesha usiku kucha ni watu wawili mnaomlipa mmoja.

Mtunzaji akianza kumjibu mzee kwa ukali, au akisahau dawa, msianze kwa kumkemea. Muulizeni amelala saa ngapi wiki hii, na lini mara ya mwisho alitoka nje ya geti. Anahitaji saa sita za usingizi, nyingi zikiwa mfululizo, na siku moja nzima kwa wiki. Akipata maumivu ya mgongo apimwe sasa, asingoje mzee apone.

Mbadala wake hafundishwi kwa maneno. Amgeuze mzee, amhamishe kwenye kiti na kumlisha mara tatu mbele ya mtunzaji, kisha ajaze daftari mwenyewe. Akiweza bila kuelekezwa, mtunzaji aondoke kweli, aende kanisani, msikitini, Mbuyuni sokoni au kwa dada yake, na maswali yote ya siku hiyo yajibiwe na daftari.